Somo, umekifunga kitabu mapema

Somo yangu,

Kitabu kimefika. Kijana wa boti alinikabidhi mkononi, kimefungwa kwa kipande cha kanga, na ndani yake umeacha ukili mwembamba wa zambarau kuonyesha ulipoishia. Umeishia kwenye sura ya utumwa. Na kijikaratasi chako: "Huyu bibi simtaki tena."

Sikulaumu. Mimi nilipofika hapo mara ya kwanza nilikipandisha juu ya kabati, kikakaa wiki tatu na vumbi lake.

Maana mpaka hapo nilikuwa nimeshampenda Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja aliyeandika kitabu hiki cha maisha yake. Nilimpenda tangu pale anaposimulia alivyojifunza kuandika. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Yeye akajificha, akaweka msahafu mbele yake, akawa anaiga herufi moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ukurasa ule niliusoma ndani ya daladala nikapitishwa kituo. Nilikuwa namwona mama yangu kwenye kisomo cha watu wazima, chaki imemganda vidoleni, anaandika jina lake na kulifuta kwa kiganja kabla mtu hajaliona.

Kalamu ile ndiyo iliyomponza. Mwaka 1859, msichana wa miaka 15, akawa mwandishi wa barua za watu wa kaka yake Barghash, waliotaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Miaka saba baadaye akaondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza, ana mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani. Habari hiyo kitabu kinaipita mbiombio, na mimi naona mkono ulikuwa unamtetemeka. Mwaka 1870 mumewe akagongwa na tramu huko Hamburg akafa, akamwachia watoto watatu katika nchi ya baridi isiyomjua.

Halafu mtu huyohuyo, aliyeonja kunyimwa kalamu, anaandika mwaka 1886, miaka 13 tu baada ya soko la watumwa la Mkunazini, mjini Unguja, kufungwa, kwamba watumwa wa kwetu hawakuwa na hali mbaya kama Wazungu wanavyodhani, na kwamba mtu mweusi ni mvivu, hafanyi kazi asiposimamiwa. Anayaandika haya kwa utulivu kabisa, kama anayeeleza namna ya kuchoma udi.

Somo, kuna jambo sijapata kukwambia. Bibi mzaa mama, kila nikimuuliza kwao ni wapi, alinijibu "kwetu Dole," akainuka kwenda kutazama chungu jikoni. Chungu hakikuwa na haja ya kutazamwa. Ilipokwisha arubaini yake ndipo mjomba aliponitajia Nyasa, huko bara, tena kwa sauti ya chini, na mlango ameurudisha. Mama yake bibi aliletwa. Hilo ndilo neno alilotumia, "aliletwa," na hakuongeza.

Kwa hiyo nilipokishusha kitabu kutoka juu ya kabati, nilikisoma namna nyingine. Sikumtafuta tena binti mfalme. Niliwatafuta wale wanaotangulia mbele na mafanusi makubwa usiku, bibi zao wakienda kutembeleana. Salme anazieleza fanusi zile vizuri sana, ukubwa wake na fahari yake. Mikono iliyozishika haielezi. Lakini ipo! Hakuna aliyenionyesha karibu hivyo njia aliyopita mama yake bibi yangu, na aliyenionyesha ni mtu aliyeona ni sawa awe mtumwa. Bado sijui niupeleke wapi uchungu huu. Ndiyo maana nilikuletea kitabu: nilitaka kuuchukua na mtu.

Sasa nakuletea kingine, Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert juu ya yule mwimbaji wa taarab. Najua tulikisoma skuli, lakini tulikisomea mtihani. Kisome sasa. Shaaban ana desturi ya kusimama njiani akatoa mawaidha; mvumilie, maana alimwona bibi huyu kwa macho na kuzungumza naye muda si mrefu kabla hajafariki mwaka 1950. Siti alizaliwa Fumba, baba Mnyamwezi, mama Mzigua, na jina alilopewa ni Mtumwa. Hebu fikiri: unaitwa kula, unaitwa kulala, kwa jina hilo. Hakusoma wala kuandika. Alitembea kuja mjini na vyungu kichwani, akivinadi kwa sauti, na sauti ile ikamfikisha mpaka kwenye jumba la Sultani kuimba. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Ndani ya wimbo wa Kijiti akaweka kisa cha mgeni wa kike aliyeuawa, muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wakafungwa. Wanawake wale hukumu yao imebaki kwa sababu asiyejua kuandika aliiimba.

Nataka uvisome viwili hivi pamoja, kimoja juu ya magoti na kingine pembeni. Ulipoishia kwa Salme, ndipo Siti anapofungua mlango.

Ukimaliza, rudi kwa Salme. Kuna barua alizoandika baadaye, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, na ameziandika kwa rafiki wa kike aliyebaki Unguja, asiyemtaja jina. Humo anayasema yale ya usiku wa ujane yaliyomshinda kwenye kitabu cha kwanza. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa pwani yetu aliokuwa ameuhifadhi.

Ijumaa nitampa kijana wa boti vyote viwili, vimefungwa kwa kanga ileile. Ukili wako sijautoa.

Somo yako,
Unguja