Shule zisipangwe kwa wastani wa alama pekee

Mhariri,

Orodha mliyochapisha ya shule za umma za jimbo, ya kwanza hadi ya mwisho, inawapotosha wazazi. Wastani wa alama hufuata sana kipato cha familia. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 2015 inataka wanafunzi wa darasa la 3 hadi la 8 wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka, kwa hiyo maendeleo ya mtoto yuleyule yanaweza kufuatiliwa.

Shule ndogo ndizo zinazoumia zaidi. Penye watahiniwa 20, akifeli mmoja zaidi, ufaulu hushuka kwa pointi 5 na shule huporomoka nafasi kadhaa, ilhali ufundishaji ni uleule! Idara ya elimu ijumlishe matokeo ya miaka mitatu, kisha itangaze makundi badala ya nafasi.