Baipola ya mizunguko ya haraka ipimwe kwa mwaka, si kwa siku

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie jambo ambalo magazeti na mitandao hulieleza visivyo mara kwa mara. Mtu akiamka na furaha, mchana akafoka, usiku akalia, watu husema ana baipola ya mizunguko ya haraka, yaani ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda mno na kushuka mno, ukijirudia mara nyingi. Sivyo. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa akili tunaona kosa hilo likiwaumiza watu wa aina mbili: anayebandikwa ugonjwa asio nao, na aliye nao kweli lakini kila akibadilika anaandikiwa dawa mpya.

Jina hilo liliingia katika tiba mwaka 1974, pale madaktari David Dunner na Ronald Fieve walipochunguza kwa nini lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, haikuwafaa vizuri baadhi ya wagonjwa. Kigezo chao ndicho kinachotumika hadi leo: vipindi 4 au zaidi ndani ya miezi 12. Na kipindi kina urefu wake. Mania, yaani msisimko uliopitiliza unaomnyima mtu usingizi bila kumchosha na kumfanya atumie pesa bila kufikiri, hudumu angalau siku 7, isipokuwa ikiwa kali kiasi cha kumlaza hospitali. Haipomania, ndugu yake mwepesi, ni siku 4. Sonona, yaani huzuni nzito inayomlemea mtu, ni siku 14. Baina ya vipindi kuwe na nafuu ya miezi 2, au mgonjwa awe amegeuka moja kwa moja upande wa pili. Anayebadilika mara tatu kwa siku anahitaji kuchunguzwa, lakini huenda chanzo ni pombe, dawa za kulevya, kukosa usingizi, majeraha ya moyoni ya zamani, au mania na sonona zilizochanganyika katika kipindi kimoja.

Kosa kubwa zaidi hutokea kwenye matibabu. Chukulia mgonjwa ambaye sonona yake hukaa wiki 6 kisha huondoka yenyewe. Anafika kliniki wiki ya 4, anaanzishiwa dawa ya sonona, wiki ya 6 anachangamka, na wote wanaisifu dawa. Wiki ya 8 amepanda kwenye mania. Dawa inasimamishwa ghafla, nyingine inaongezwa. Akishuka, inarudishwa ile ya kwanza. Baada ya mwaka ana dawa tano na hakuna ajuaye ipi inamsaidia. Isitoshe, kwa baadhi ya wagonjwa dawa za sonona ndizo zinazoharakisha mizunguko. Ndiyo maana hatua ya kwanza mara nyingi ni kupunguza: daktari aishushe dawa ya sonona polepole kwa wiki kadhaa, kisha aimarishe dawa ya kutuliza hisia na kuipa muda. Dawa isihukumiwe kabla ya kupita muda ulio mara tatu ya mzunguko wa kawaida wa mgonjwa huyo. Wiki mbili nzuri hazithibitishi kitu.

Kabla ya kuongeza chochote, tezi ya thairoidi iliyo shingoni ipimwe kwa kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo kufanya kazi. Tezi hiyo ikilegea huambatana na mizunguko ya haraka, na lithiamu yenyewe inaweza kuilegeza. Ni kipimo rahisi na bado kinasahauliwa, jambo linalotusikitisha sana.

Anayetumia lithiamu apimwe kiwango chake katika damu saa 12 baada ya kumeza dozi ya mwisho. Akipimwa saa 3 baada ya kumeza, kiwango kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo na dozi itapunguzwa bila sababu. Kwa kinga ya muda mrefu wengi hulengwa kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Kipimo kirudiwe takriban siku 5 hadi 7 kila dozi inapobadilishwa, na hali ikitulia kiwe kila miezi 3 hadi 6, pamoja na figo, thairoidi na kalisiamu. Kuhara, kutapika, homa, jasho jingi au kuacha chumvi ghafla hupandisha lithiamu mwilini kwa sababu figo huishikilia mwili ukikosa maji na chumvi. Ibuprofeni, diklofenaki na baadhi ya dawa za presha hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mwuzaji wa duka la dawa aambiwe kabla ya kuuza. Mikono ikitetemeka sana, mgonjwa akiyumba, akitapika au ulimi ukiwa mzito, asimeze dozi nyingine. Apelekwe hospitali mara moja. Na lithiamu isikatishwe ghafla kwa kuwa "nimepona": mania hurudi kwa nguvu. Ikibidi kuiacha bila dharura, ishushwe kwa angalau wiki 4, na miezi 3 ni bora zaidi.

Lamotrijini, dawa nyingine ya kutuliza hisia, hutaka subira ya aina nyingine. Kawaida mtu mzima huanza na miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2, ndipo apande. Akitumia pia valproeti, nayo ya kutuliza hisia, dozi hizo huwa nusu. Kuharakisha huongeza hatari ya upele unaoweza kuua, hivyo upele wowote katika wiki za mwanzo uonwe na daktari siku hiyo hiyo. Aliyekosa dozi siku 5 au zaidi asirudie alipoishia. Amwone daktari, kwa kuwa huenda akalazimika kuanza upya. Valproeti nayo isipewe mwanamke anayeweza kushika mimba iwapo ipo njia nyingine, maana humdhuru mtoto tumboni vibaya.

Nyumbani, silaha kuu ni daftari. Kila jioni, saa ile ile, mstari mmoja: hisia kuanzia -3 (sonona kali) kupitia 0 (kawaida) hadi +3 (mania kali), saa za usingizi, dawa zilizomezwa, pombe, na hedhi kwa wanawake. Lisijazwe wiki nzima siku ya Jumapili, kwani aliye na sonona leo atakumbuka siku zote zilikuwa mbaya. Tunashauri ndugu mmoja awe na safu yake pembeni. Mtu aliye kwenye +2 hujiandikia 0, akiamini kwamba sasa ndiyo mzima kabisa. Usingizi ukipungua kwa saa 2 au zaidi kwa siku 2 mfululizo bila uchovu, kliniki ipigiwe simu kabla mania haijakomaa. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, zikiwemo za mapumziko, na kazi za zamu za usiku ziepukwe inapowezekana.

Ndugu wa mgonjwa wajue pia kwamba hatari ya kujiua ni kubwa katika ugonjwa huu, hasa sonona inapochanganyika na msisimko: mtu hana tumaini, lakini ana nguvu ya kutenda. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hadi afike kwenye huduma. Lithiamu ikizidi ni sumu, hivyo ndugu ashike akiba na ampe dozi za siku chache tu kwa wakati mmoja.

Anayekwenda kliniki wiki hii abebe daftari hilo hata kama lina kurasa kumi tu, orodha ya dawa zote na tarehe zilipoanza, na majibu ya mwisho ya TSH. Kama hayapo, aombe apimwe.

Wahudumu wa afya ya akili