Mwaloni mkavu ni kihenge cha kigong'ota

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ndugu zetu tulio nao huku California, hasa wale wanaofanya kazi ya kukata miti.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Carmel Valley. Kila asubuhi nikirudi nilikuwa napita chini ya mwaloni mmoja mkavu. Kwa mbali ungedhani umemiminiwa risasi. Ukisogea, kila tundu limepachikwa kokwa moja ya mwaloni. Siku moja nilijaribu kung'oa moja kwa ukucha, haikutikisika hata kidogo.

Wanaozipachika ni vigong'ota, ndege wenye utosi mwekundu na macho meupe. Wanaishi kiukoo, pengine zaidi ya kumi, na akiba ni ya wote. Kokwa ikikauka husinyaa, ikalegea. Basi ndege huichomoa, akaijaribu tundu hili, akaijaribu lile, mpaka apate linaloibana sawasawa, la sivyo kindi ataibeba. Mti mmoja huweza kuwa na matundu hadi 50,000, yaliyotobolewa na vizazi kwa vizazi. Nikiwaona nilimkumbuka babu yangu kule Kongwa, alivyokuwa akigonga kihenge cha mtama kwa kifundo cha kidole, anasikiliza kimeshuka mpaka wapi.

Wiki iliyopita nilikuta mwaloni ule uko chini. Mmoja wa mafundi alikuwa kijana wa Mombasa, tukasalimiana vizuri. Akaniambia, "Kaka, mti wenyewe mkavu, ungeangukia gari la mtu." Simlaumu, katumwa kazi. Lakini kokwa zilikuwa zimetapakaa lami nzima, magari yanazisaga, na ndege wanapiga kelele juu ya nguzo ya umeme. Huu ni Novemba. Chakula cha baridi yote kilikuwa mle.

Ndugu zangu, tawi linaloning'inia juu ya barabara likateni, hilo ni haki. Shina kama bado imara, mwambieni mwenye nyumba liachwe limesimama, hata la kimo cha mita nne. Mkimwonyesha zile kokwa kwa macho yake, wengi watakubali. Mimi mwenyewe nimeishi hapa miaka sita bila kujua mti ule ni wa nani.

Leo asubuhi wale ndege walikuwa bado kwenye nguzo. Wawili wameshaanza kuitoboa.

Msomaji wako,
Carmel Valley, California