Siti C2 mliiuza mara mbili: barua ya malalamiko kuhusu TV na mashine zangu za gemu

Iringa,
14 Julai 2025.

Meneja,
Kampuni ya Mabasi ya Abiria,
Ofisi ya Stendi Kuu,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA TV NA MASHINE ZA GEMU NILIZOZILIPIA SITI, SAFARI YA MBEYA–IRINGA, TAREHE 5 JULAI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai, siku mbili kabla ya Sabasaba, nilipanda basi lenu la saa 12 alfajiri liendalo Dar es Salaam, nikiwa nashukia Iringa. Nilikuwa na tiketi mbili. C1 nilikaa mimi. C2 niliinunulia TV ya chogo ya inchi 14 na boksi moja la mashine za gemu za zamani. Binti aliyenikatia tiketi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, akacheka, kisha kwenye sehemu ya jina la abiria akaingiza neno "MZIGO". Nakala ya tiketi hiyo nimeiambatanisha. Naomba uitazame kwanza, maana ubishi wote niliokutana nao baadaye unaishia hapo.

Nimehamishiwa Iringa kikazi. Vitanda, makochi na masufuria vilitangulia na Fuso wiki moja kabla. Hivi vingine niligoma visipande Fuso, nikasema vitakwenda na mimi kwenye basi la heshima. (Kwa taarifa yako, sahani zilizopanda Fuso zimefika zote. Hata kikombe hakikupata ufa.)

Ndani ya boksi kulikuwa na Super Nintendo, Mega Drive ya Sega, PlayStation ya toleo la kwanza kabisa, ile SCPH-1002 iliyouzwa Ulaya kuanzia mwaka 1995, kanda kumi na moja za gemu (zile za kuchomeka kwenye mashine), pedi nne na bastola ya gemu. Najua utajiuliza TV ya chogo ya nini zama hizi za flati. Ni kwa sababu ya hiyo bastola. Bastola za enzi zile hulenga kwa kusoma mwale unaochora picha mstari kwa mstari kwenye kioo cha chogo. Mbele ya flati ni toy tu, hata ufyatue mpaka usiku.

Sikufunga mzigo kiholela. PlayStation niliitoa CD, kwa sababu CD ikibaki ndani inachezacheza na kukwaruzika, na chini yake kuna lenzi ndogo inayotembea kwenye reli za plastiki. Kanda zote nilizichomoa. Kanda ikiachwa imesimama kwenye mashine, gari likiruka tuta moja tu inageuka mtaimbo na kung'oa soketi. Waya za pedi nilizifunga pembeni, sikuzizungushia pedi zenyewe, zisikatike shingoni. Super Nintendo ndiyo niliyoiogopa kuliko zote. Plastiki yake imeshageuka njano, na plastiki ya namna hiyo ikizeeka haipindi tena, inapasuka kama kigae. Niliivika fulana mbili na taulo, nikaiweka katikati ya boksi dogo, boksi dogo nikaliweka ndani ya kubwa, nafasi iliyobaki nikajaza magazeti niliyoyafinyanga. Nje niliandika kwa maka pen kubwa: KIOO. USIWEKE KITU JUU. Nikachora mishale pande zote nne kuonyesha juu ni wapi.

TV nayo uzito wake wote uko mbele kwenye kioo, na nyuma ndani ya chogo kuna shingo ya kioo chembamba kama glopu. Kwa hiyo niliikalisha siti kioo kikitazama mgongo wa siti, nikaizungushia blanketi, nikaifunga kwa mpira wa kufungia mizigo. Boksi nikaliweka sakafuni mbele ya siti hiyohiyo. Mpaka tunatoka stendi, konda wenu alipita mara mbili na hakuwa na neno.

Uyole ndipo mambo yalipobadilika. Alipanda mama mwenye mtoto mgongoni, na konda akaja moja kwa moja C2.

"Mkubwa, siku hizi TV nazo zinalipa nauli?"

Nikamwambia hii imelipa, tiketi hii hapa. Hakuitazama. Akageuka kwa abiria wengine akasema kwa sauti, "Sasa mama asimame na mtoto, chogo likae?" Basi zima likaguna. Ndugu Meneja, wewe ni mtu mzima, unajua kwamba katika basi lililojaa, mwenye TV akisimamishwa mbele ya mama mwenye mtoto hana kesi. Mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kusema mama akae. Lakini baadaye njiani tuliongea na yule mama, nikamwuliza kama alipanda kwa kusaidiwa. Akanionyesha tiketi yake. Uyole mpaka Makambako, nauli kamili, siti C2. Kwa hiyo huruma ile konda aliyoihubiri mbele ya watu ilikuwa imekwishalipiwa ofisini kwenu, na mimi nikaachwa nionekane mtu asiye na utu.

TV na boksi vikashushwa buti. Konda aliniambia, "Naviweka mwenyewe, mkubwa, kama naweka mayai." Nilitaka kushuka nione, akasema gari limechelewa.

Kilichofuata nilikiona kwa dirisha pale mizani ya Makambako. Uzito wa ekseli ya nyuma ulizidi, vijana wenu wawili wakafungua buti wakaanza kuhamishia mizigo mbele. Boksi langu lilitolewa likawekwa kwenye lami likiwa limelala ubavu, mishale yangu ya juu ikielekeza Njombe. TV ilishikwa na mtu mmoja kwa upande wa chogo, ikaachiwa chini kabla haijafika. Iliporudishwa ndani, juu yake likapandishwa gunia la viazi, tena lumbesa. Nilishuka mbio.

"Mdogo wangu, hiyo ni TV!"

"Tumeiona, kaka. Si iko ndani ya blanketi?"

Mama mwenye mtoto alishukia hapohapo Makambako. Nikamwomba konda anirudishie vitu vyangu kwenye siti yangu, ambayo sasa ilikuwa tupu. Akajibu buti limeshapangwa, likifunguliwa tena tutalala Mafinga. Hivyo kutoka Makambako mpaka Iringa nilikaa pembeni ya siti niliyoilipia isiyo na mtu, na TV yangu iko chini ya viazi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lumbesa lenyewe.

Nilifungua boksi nyumbani jioni. Harufu ilinifikia kabla sijakata gundi: mawese. Ndani ya buti kulikuwa na ndoo ya mawese ya Kyela iliyofungwa mfuniko kwa mfuko wa nailoni. Alfajiri ya Mbeya mwezi wa saba mawese huwa yameganda kama siagi na hayana shida na mtu. Tulipoteremka Usangu jua likawaka, yakayeyuka, yakatafuta njia, na njia ikawa boksi langu lililolala ubavu. Tulipopanda tena kwenye baridi ya Mafinga yakaganda upya, safari hii ndani ya Mega Drive. Tundu la kuchomekea kanda lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, rangi ya chungwa, laini, kama mtu kaziba makusudi kwa kijiko. Mke wangu aliuliza kama tutakaangia mayai.

Super Nintendo imepasuka kona ya mbele kulia, na vipande vitatu nilivikuta ndani ya fulana. PlayStation inawaka lakini CD inazunguka bila kusomwa. Nimeijaribu hata kwa kuigeuza juu chini, mbinu ya zamani kwa mashine hizi lenzi zinapochoka, na haikusaidia. TV sikuhitaji hata kuichomeka. Nilifungua mfuniko wa nyuma nikamulika kwa tochi ya simu: ndani ya shingo ya kioo kuna mpako unaong'aa kama fedha, na wa kwangu umegeuka mweupe kama maziwa. Mpako huo huwa mweupe hewa inapoingia. Kioo hicho hakuna fundi wa kukifufua.

Kuna kanda moja ambayo ndani yake kuna betri ndogo kama ya saa, ndiyo inayotunza pale mchezaji alipofikia. Mguu wa betri umeachana na bodi, na kumbukumbu yote imefutika, pamoja na faili la mdogo wangu aliloliacha tangu tukiwa wanafunzi. Hiyo siidai. Sijui niiandikie bei gani.

Jumatatu ilikuwa Sabasaba, kwa hiyo Jumanne nilikwenda ofisi yenu ya stendi ya Igumbilo. Dada wa mapokezi alinisikiliza vizuri, nakiri hivyo. Kisha akasema, "Lakini kaka, TV ya chogo siku hizi hata bure watu hawachukui," akanipa ofa ya Sh 20,000 "ya soda". Nilipokataa alinionyesha maandishi ya nyuma ya tiketi yanayosema kampuni haitahusika na mzigo ambao mwenyewe hakuusimamia.

Nayajibu yote mawili. Mzigo huu niliusimamia. Nilikuwa nimekaa nao bega kwa bega mpaka mtumishi wenu alipouondoa kwenye siti yake na kunizuia nisishuke nao. Maandishi yale hayawezi kumkinga mtu aliyemnyang'anya abiria mzigo kisha akamlaumu kwa kutokuwa nao. Na kuhusu uzamani, nilipokuwa nalipia C2 hakuna aliyeniambia nauli ya vitu vya zamani ni nusu. Mashine mpya ikivunjika naingia dukani nanunua nyingine. Hizi hakuna duka, na ndiyo maana nilizinunulia siti.

Madai yangu ni haya. Nirudishiwe nauli ya C2, Sh 22,000, kwa kuwa siti hiyo haikunihudumia kutoka Uyole. TV ya chogo iliyotumika, inchi 14, nimeipata kwa fundi hapa mjini kwa Sh 40,000. Kusafisha Mega Drive, kuing'oa soketi na kuiosha kwa spiriti, Sh 35,000. Lenzi ya PlayStation pamoja na kuiagiza kutoka Dar es Salaam, Sh 60,000. Ganda la Super Nintendo, Sh 70,000, na hapo nimekubali la rangi tofauti. Jumla ni Sh 227,000. Makadirio ya fundi na picha kumi na mbili nimeambatanisha. Sijaongeza usumbufu wala machozi.

Nataka pia maelezo ya maandishi: C2 iliuzwaje kwa watu wawili kwa kipande kilekile cha barabara, na fedha ya tiketi ya pili iliingia kwenye mfumo wenu au mfukoni mwa mtu. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii pamoja na tiketi zote kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Yule mama alikubali niipige picha tiketi yake.

Mwisho, blanketi langu la kijani lilibaki kwenye buti. Nalo nalihitaji. Iringa kuna baridi.

Wako,

Abiria wa C1 na C2