Daktari, nina mbwa wa kuswaga kondoo na mimi sina hata mbuzi mmoja

Daktari, habari ya kazi. Mimi ni msomaji wako wa kitambo, huwa nasoma nanyamaza, lakini leo imebidi niandike juu hapa kwangu Utawala kuna mbwa amenikosanisha na mama watoto, na jirani, na vijana wa boda, hata sijui nianzie wapi.

Wacha nianzie kwa deni. Nauza spea za magari Kirinyaga Road na kuna mzee mmoja mteja wangu ana shamba la kondoo huko Timau, alichukua shoki zote nne za pikapu yake akabaki na deni la 18,000 likakaa miezi. Siku moja akaingia dukani na katoni ya ndizi, ndani kuna kitoto cha mbwa cheusi shingo nyeupe, akaniambia huyu ni Border Collie halisi, mama yake na baba yake wanachunga kwangu, chukua tusameheane nusu ya deni. Mimi huyo nikachukua. Nilichotaka ni mbwa wa kubweka usiku tu, maana hii ploti yangu ya 40 kwa 80 wezi walikuwa wameruka ukuta mara mbili wakaondoka na mtungi wa gesi. Mama Shiru alimwangalia huyo mbwa, akaniangalia, akauliza, "Baba Shiru, yaani 9,000 umelipwa mbwa?" Sikujibu. Hadi leo sijajibu.

Jina tulimpa Bosco lakini esteti nzima inamwita Boda. Watoto walinisikia nikisema "Border" wakajua nasema boda, halafu akaanza kukimbiza pikipiki, basi jina likamganda. Na ukifikiria ni neno lile lile, hizi boda boda zilipata jina kwa baiskeli za kuvusha watu mpakani kule Busia na Malaba, na hawa mbwa nao wanaitwa hivyo kwa sababu ya mpaka, ule wa Uingereza na Uskoti, walikotengenezwa kwa kazi ya kondoo. Mzee wa Timau aliniambia karibu wote ukiwafuata nyuma unafika kwa dume mmoja aliyezaliwa 1893 aliyeitwa Old Hemp. Ni habari nzuri kujua lakini haijarudisha sofa yangu.

Sahii ana miezi 11. Uharibifu nitakupa kwa ufupi. Mto wa sofa seti, ile mama Shiru alinunua na pesa ya chama, ulipasuliwa sponji ikatandazwa sebuleni kama popkoni. Rimoti mbili. Ufagio pamoja na mpini. Sukuma wiki ya magunia, magunia matano, alizing'oa zote akalala ndani ya gunia la mwisho. Nguo za shule kwenye kamba, hizo nilishaacha kuhesabu.

Lakini iliyoniuma ni ya tenki. Huku kwetu maji ya mfereji yanakuja Alhamisi usiku, yasipokuja ni hadi Alhamisi ingine, kwa hivyo tenki la lita 5,000 ndilo maisha yetu. Jumatatu moja Bosco akaketi chini ya tenki akaanza kutafuna ile paipu ya plastiki hapo kwenye koki, akiitafuna pole pole na meno ya pembeni, macho amefunga nusu, vile mtu anakula muwa. Anti alimwona kupitia dirisha la jikoni akadhani amepata mfupa. Paipu ikapasuka. Anti anasema maji yalipomruka usoni hakutoroka, alianza kuyazunguka, anayakimbilia mbele anayang'ata anarudi upande ule mwingine, kama anajaribu kuyarudisha. Nilipigiwa simu saa nane nikiwa na mteja, hadi fundi apatikane tenki lilikuwa limebaki na matope ya chini. Nilifika jioni nikapata uwanja wote ni bwawa na yeye amesimama katikati amelowa, mkia unapiga, ananiangalia kama mtu aliyefanya kazi nzuri anangoja alipwe. Wiki hiyo tulioga na maji ya bauza.

Sasa usiseme sijajaribu. Nilianza na mnyororo juu hivyo ndivyo mbwa wetu wote wa ushago walikaa. Alizunguka kile kigingi hadi akachimba duara kwenye mchanga, akabweka kutoka saa tatu ya usiku hadi saa tisa, jirani akaja getini na kaptula ya kulala. Nikaita jamaa mmoja anafundisha mbwa wa walinzi, akaja na kola ya kukaba shingo, akasema huyu lazima ajue bosi ni nani. Baada ya siku mbili Bosco alikuwa akiona buti anajikojolea. Nikamlipa jamaa nikamwambia asirudi, na hiyo nikiri ni kitu kinanisumbua hadi leo.

Halafu nikasoma kwamba mbwa wa aina hii anataka mazoezi. Nikanunua raba. Kila siku saa kumi na moja alfajiri tunakimbia kando ya barabara ya Eastern Bypass, kilomita tano kabla sijaenda kazini. Mwezi wa kwanza alikuwa anachoka, wa pili nilikuwa nachoka mimi. Kumbe nilikuwa najitengenezea mwanariadha wa Iten, akifika nyumbani anakunywa maji kidogo anaenda kusimama getini ananiuliza, haya sasa twende wapi. Jumapili moja tukampeleka Karura, kule lazima mbwa awe na kamba na ni sawa kabisa, lakini aliona tumbili juu ya mti akanivuta hadi nikaenda na magoti mbele ya watu. Hatujarudi.

Kitu kimoja kimesaidia na si mimi nilikileta. Msichana wangu Shiru ana miaka tisa, alisoma mahali kwamba Marekani kulikuwa na Border Collie jike anaitwa Chaser aliyefundishwa majina ya vitu vya kuchezea 1,022, wataalamu wakaandika juu yake 2011, basi na yeye akaanza. Slipasi. Mpira. Sufuria. Soksi ya baba. Sahii Bosco anajua vitu 14 na hakosei, ukimwambia lete sufuria anapita slipasi na mpira anakuletea sufuria na kelele zake. Shiru pia alichukua mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano akaosha akatoboa mashimo, chakula kinawekwa humo badala ya sahani, Bosco anausukuma uwanja mzima kuondoa punje moja moja. Nusu saa ya hiyo michezo ya Shiru inamlaza fofofo, wakati kilomita zangu tano hazimfanyi kitu. Na ndiye Shiru peke yake akimwita "Bosco, njoo" anaacha pikipiki anarudi. Mimi ananisikia nikiwa na nyama.

Shida ni kwamba Shiru anapandia basi la shule saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa kumi na moja jioni, mama Shiru yuko kazini, mimi niko dukani huko Grogan, na anti anamwogopa. Hayo masaa kumi na moja ya katikati ndiyo nyumba yangu inaliwa.

Kuna mambo mengine mawili ya afya nataka uniambie. La kwanza, stima zikipotea watoto walikuwa wanacheza na tochi ukutani, yeye anaruka kushika ile mwanga, tukicheka sana. Sahii hatuchezi tena na tochi na bado anafanya. Jua likipiga kwa kioo cha saa yangu anafuata ule mng'ao sakafuni, anakazia macho kivuli cha kamba ya nguo hata dakika ishirini, ukimwita haskii, ukimsukuma anarudi palepale. Hiyo si mchezo tena mimi naona, ama ni mimi naogopa bure? La pili, alipata upele kidogo na kijana wa agroveti akawa tayari na sindano ya ayvamektini. Bahati nilimpigia mzee wa Timau kwanza, akafoka, ati hizi jamii za koli kuna wenye jeni ambayo inaacha hiyo dawa ipenye hadi kwenye ubongo, mbwa anayumba kama mlevi na anaweza kufa, Border Collie si wengi wako nayo lakini wapo. Je, ninaweza kupima hiyo kitu ama niepuke dawa hiyo moja kwa moja?

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita vijana walikuwa wanacheza mpira nje ya geti, geti likaachwa wazi, Bosco akatoka akawazunguka mara mbili mara tatu akawakusanya wote karibu na ukuta. Mmoja akatoka mbio na yeye akamfuata akambana kisigino na meno. Hakutoboa, zilibaki alama mbili nyekundu, lakini ni meno ya mbwa na ni mtoto wa mwenyewe. Tuliosha na sabuni na maji dakika kumi na tano, tukaenda hospitali hata hivyo, nikabeba kadi ya Bosco ya chanjo ya kichaa na gharama zote nikalipa. Jirani hakupiga kelele. Alisema tu siku ingine atatupa nyama juu ya ukuta, na sote tunajua nyama ya namna gani. Jioni hiyo mama Shiru akaniambia shule zikifunguliwa Januari hataki kumpata hapa.

Ningekuwa nimekubali. Lakini Jumamosi iliyofuata kulipita wale wafugaji wa Kimaasai huleta mifugo huku mjini wakati wa kiangazi, kondoo kama arobaini hivi wametawanyika kwa barabara na kwa takataka. Nilikuwa nimemshika Bosco na kamba, kola ikatoka. Nikajua leo nitalipa kondoo. Daktari, yule mbwa hakubweka. Tangu nimjue hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemwona kimya akiwa macho. Alishuka tumbo karibu na ardhi, kichwa chini, akaenda na duara kubwa mbali kabisa na kondoo hadi akawapita, akasimama, akawaangalia tu. Wakaanza kujikusanya. Akasonga hatua mbili, akalala, akasonga tena, kondoo arobaini wakaja kama kitu kimoja hadi mbele ya geti langu wakasimama hapo, na yeye akaniangalia. Hakuna aliyemfundisha. Mchungaji alikuwa ameshainua rungu, akalishusha, akacheka, akasema, "Mzee, hii si mbwa ya geti. Nitakupa kondoo mbili." Na kila akipita sahii anauliza.

Usiku huo Bosco alilala kutoka saa moja hadi asubuhi, bila kutafuna kitu.

Kwa hivyo niko hapo katikati. Mzee wa Timau anasema atampokea, ila anakataa kabisa kurudisha ile 9,000 ya deni, ati hiyo biashara ilishafungwa. Nina ndugu yangu Ol Kalou ana kondoo thelathini, lakini namjua, kwake mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, ataona ujanja wa Bosco wiki moja halafu atamfunga kama wengine. Mchungaji simjui, na maisha ya kutembea na mifugo kwa kiangazi ni magumu hata kwa binadamu, na ni nani atampeleka chanjo. Rafiki zangu wanasema nimhasi atatulia, wengine wanasema ningoje afike mwaka na nusu mifupa ikomae, na mimi kwa kichwa changu naona kuhasi hakutaondoa kile nilichoona na wale kondoo. Wewe unasemaje? Na ni kweli hawa wanatulia wakifika miaka miwili au mitatu, ama hiyo ni hadithi ya kufariji wenye mbwa? Kama ninaweza kumlipa kijana aje saa nne hadi saa sita afanye ile michezo ya Shiru, na kipande cha nyuma ya nyumba nikizungushie waya asifikie tenki wala kuona barabara, hiyo inaweza kutosha kwa mbwa kama huyu? Ama nitakuwa nanunua muda tu na siku moja ni mtoto mwingine?

Mimi si mtu wa kutupa mnyama. Pia si mtu wa kumweka mnyama mahali anaumia juu ya aibu ya kusema nilikosea kumchukua. Uniambie ukweli hata kama ni mchungu, na kama inawezekana jibu lifike kabla ya Januari.

Na ukisema aende, tafadhali nieleze pia nitamwambiaje Shiru, maana mimi hata kumwambia kuhusu wale kondoo wawili nimeshindwa.

Baba Shiru,
Utawala, Nairobi