Wanafunzi wa programu waletwe mwaloni kabla ya kuchora

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie makala yenu ya wiki iliyopita, iliyowahimiza vijana wajifunze kuandika programu za kompyuta. Naiunga mkono, ila imeruka hatua moja, na hatua hiyo ilinigharimu mimi mwaka mzima.

Ni karani wa ghala la dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza. Nilisoma kozi ya jioni katika chuo kimoja, tukafundishwa kusanifu programu kwa vitu: kila kitu kinachohusika na kazi kipewe mahali pake ndani ya programu, kitunze taarifa zake, kijue wajibu wake, na vitu vipelekeane ujumbe. Mifano ya darasani ilikuwa mbwa anayebweka, paka anayelia na akaunti ya benki. Kwenye mtihani tukaulizwa mshale wa urithi, ule unaoonyesha kwamba aina moja ya kitu inapokea sifa za aina iliyo juu yake, una pembetatu tupu au iliyojazwa, na almasi nyeusi ya kwenye mchoro ina maana gani. Nilijibu yote sawasawa. Nikarudi ghalani, nikaandika programu ya kuchukua nafasi ya daftari letu, na haikumaliza wiki mbili.

Ilikwama kwenye gunia. Niliandika Gunia lenye uzito, daraja na mwenye mali. Asubuhi moja gunia la dagaa wa chanja kutoka kisiwa cha Goziba liliuzwa mara tatu bila kusogezwa pale lilipoegemezwa ukutani. Kila lilipouzwa nikabadili jina la mwenye mali. Jioni yule mama aliyekuwa wa kwanza kuliuza, tena kwa mkopo, akaja kuulizia fedha yake. Kwenye kompyuta jina lake halikuwepo, wala deni lenyewe. Alisimama mbele ya meza yangu, akakaza kanga kiunoni, akaniuliza polepole, "Binti yangu, ina maana mimi nimefutwa?" Alilipwa kwa sababu daftari la karatasi lilikuwa bado halijatupwa. Swali lake sijalisahau.

Lugha ya programu haikuwa na kosa. Nilikuwa sijaona kwamba mauzo nayo ni kitu, chenye tarehe yake, bei yake, muuzaji wake na mnunuzi wake. Gunia libaki gunia, na kila mauzo yaandikwe peke yake chini ya yaliyotangulia, bila kufuta kitu. Makarani walionitangulia walifanya hivyo kwa kalamu miaka yote, nami nililisogeza daftari lao pembeni bila kulisoma.

Kosa la pili lilikuwa la urithi. Nilitengeneza klasi, yaani aina ya kitu, niliyoiita Mtu, chini yake nikaweka Mvuvi, Mchuuzi na Mwenye Boti. Kwenye mchoro ilipendeza. Lakini hapa mwaloni mama mmoja ana boti mbili, ananunua dagaa wa wenzake, na chanja zake anakodisha. Programu ikamwandikisha mara tatu, madeni yake yasikutane. Uchuuzi ni kazi anayoishika mtu, leo hii kesho nyingine, na mtu ni yuleyule.

Nilichomoka kwa kadi. Mwaka 1989 Wamarekani wawili, Kent Beck na Ward Cunningham, walieleza njia ya kufundisha usanifu huu kwa vipande vya karatasi: juu jina la kitu, kushoto wajibu wake, kulia vitu kinavyoshirikiana navyo. Nikakata maboksi, nikaandika kwa Kiswahili, nikawagawia kuli, dereva wa lori, mama mchuuzi na mzee anayesimamia mizani. Tukaigiza mauzo ya gunia moja, anayehusika anainua kadi yake. Zamu ya mzee ilipofika akasoma nilichoandika, "kupima uzito na kukokotoa bei", kisha akairudisha kadi mezani.

"Mizani haijui bei, mwanangu. Inajua kilo tu. Bei wanaijua hawa wawili wanaobishana."

Nikaufuta mstari ule palepale, na usiku nikaihamisha hesabu ya bei kutoka kwenye Mizani kwenda kwenye Mauzo. Tangu siku hiyo watu wakipatana bei nyingine, sigusi chochote kinachohusu uzito. Mwalimu alitufundisha kwa mihula miwili kwamba kila kitu kibaki na wajibu wake. Mimi nilielewa siku ile.

Sidharau michoro. UML, lugha ya alama za kuchorea programu waliyoiunganisha Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa kuwa kiwango mwaka 1997, naitumia mpaka leo. Lakini tukumbuke fani hii ilianzia wapi. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotengeneza lugha ya programu ya Simula kule Oslo, Norwei, miaka ya 1960, walitaka kuiga ndani ya kompyuta mambo yanayotokea nje, foleni zikiwemo. Nani wa Mwanza hajui foleni? Aliyewahi kusubiri kivuko Kigongo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, aliona lori, basi na gari dogo kwenye mstari mmoja, kila moja na nauli yake na nafasi yake ndani ya kivuko. Hapo urithi unafaa kabisa, maana lori halitaamka kesho likiwa basi. Mwanafunzi akiwekewa foleni ya Kigongo kando ya mama mwenye boti, ataona tofauti ambayo mbwa na paka hawakunionyesha.

Ninachoomba kwa wakufunzi wa vyuo vyetu ni hiki: kabla mwanafunzi hajachora mshale wa kwanza, akae siku mbili mahali pa kazi, mwaloni, bandarini au sokoni, aulize na aandike maneno yaleyale wanayotumia watu wa pale. Na mchoro wake usipewe alama mpaka karani au kuli asomewe na akubali kwamba ndiyo kazi yake.

Kadi zangu za maboksi bado ninazo. Mwalimu atakayependa kuleta wanafunzi achague siku za mbalamwezi, boti za dagaa zikiwa zimepumzika. Mzigo huwa mchache na mzee wa mizani ana nafasi ya kuongea.

Karani wa ghala la dagaa,
Kirumba, Mwanza