Kwa nini makadirio yetu ya kitalu nyumba yana mstari wa mapazia

Mwezi Julai mama mmoja alifika karakanani kwetu hapa Njombe na kipande cha nailoni ndani ya kikapu, akakiweka juu ya meza ya randa na kusema, "Wanangu, mmeniuzia takataka." Ukikifinya, kipande kile kilivunjika vidoleni kama ganda la kitunguu. Kwa kuwa hayo ni malalamiko ya tatu ya namna hiyo msimu huu wa baridi, tumeona ni vema tuyajibu kwa maandishi.

Tulikwenda kwake siku ileile. Kitalu chake ni kidogo, mita 4 kwa 8, na tulikijenga nyuma ya jiko kwa nguzo za mlingoti ili apande nyanya na hoho, mazao ambayo huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huteseka sana usiku wa Juni hadi Agosti. Nailoni yetu ya paa, yenye unene wa mikroni 200 na kinga ya jua, ilikuwa nzima. Iliyochanika ni nailoni ya ujenzi, ile inayotandazwa chini ya zege, ambayo mpwa wake aliipigilia juu ya neti za kuta pande zote nne wakati wa baridi ya mwaka jana. Nailoni hiyo haikutengenezwa kukaa juani. Miezi michache tu huikausha, kisha upepo humaliza kazi.

Mpwa hana kosa kubwa. Makadirio yetu yalikuwa na mstari wa mapazia ya kuviringisha, ya kufunika neti usiku na kuifungua mchana, mama akaomba tuufute ili bei ishuke, nasi, kwa kutaka kazi, tukaufuta. Hatutarudia.

Hasara ya nailoni ni ndogo ukilinganisha na yaliyotokea ndani. Neti si dirisha la mapambo. Ndiyo njia ya kutolea joto na unyevu. Ikizibwa, hata mchana wa baridi wenye jua hugeuka tanuri, na joto likikaribia nyuzi 35 chavua ya nyanya hudhoofika na maua hupukutika. Usiku mvuke uleule hugeuka matone darini, hudondokea majani, na ugonjwa wa bakajani hupata makao. Mama alipoona maua yanaanguka alidhani ni njaa ya mbolea, akaongeza mbolea mara mbili. Fedha alizotumia kwa mbolea, dawa na nailoni ya ujenzi zilizidi bei ya mapazia aliyoyakataa.

Pazia ni nailoni ileile ya paa, iliyofungwa kwenye mti mwepesi na kupandishwa kwa kamba na kapi. Lipandishe saa tatu asubuhi, lishushe saa kumi na moja jioni, na siku ya mawingu mazito acha upenyo wa shubiri moja juu. Ni kazi ya dakika mbili ambayo hata mtoto anaiweza.

Yupo pia mstaafu mmoja aliyeona mapazia ni ghali akaingiza jiko la mkaa ndani ya kitalu usiku. Nailoni ilitoboka, miche ikanyauka kwa moshi, na tunashukuru hakulala humo, kwa maana hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua mtu.

Wanaosema fundi wa mtaani ni nafuu watazame nguzo zake. Sisi huchovya kwenye oili chafu sehemu ya chini tu, inayoingia ardhini, na juu tunapaka rangi nyeupe, kwa kuwa mti mweusi hunyonya joto na kuiunguza nailoni pale inapogusa. Nailoni tunaibana kwa fito zilizopigwa randa, si kwa msumari mtupu. Na mkiwakuta vijana wetu wamekaa wakinywa chai saa tatu asubuhi, msidhani mnalipia uvivu: wanasubiri nailoni ipate joto, maana ikivutwa ikiwa baridi italegea mchana na upepo utaipiga mpaka ipasuke.

Kitalu cha mama kina mapazia tangu Agosti. Ametulipa vifaa, ufundi tumeubeba sisi. Kwa wateja wengine wote, ukaguzi mmoja baada ya mvua za kwanza za Novemba ni bure. Tunakuja na ngazi yetu. Tafadhali fungeni mbwa.